Nani Alikuambia Uso Wako ni Mraba?

Jumamosi moja nilikuwa kwa kinyozi mtaani nikingoja zamu yangu. Kijana mmoja, labda miaka kumi na tisa, akaketi kwenye kiti na kumwonyesha kinyozi simu. Programu fulani ilikuwa imempiga picha, ikamchorea mistari usoni, halafu ikatoa hukumu: uso wa mraba. Chini yake kulikuwa na mitindo sita ambayo ati ndiyo inamfaa. Kinyozi akaitazama, akacheka kidogo, akasema, "Boss, hizi nywele zote si zako."

Na hazikuwa zake. Vichwa vyote sita vilikuwa vya wazungu, nywele zimelazwa upande mmoja ama zimerudishwa nyuma kwa jeli. Kijana mwenyewe ana nywele za kipilipili kama zangu. Mpe chanuo na wiki nzima, hazitalala.

Ugomvi wangu na hizi chati unaanzia hapo, lakini hauishii hapo.

Ukizifuata, kazi ni hii: chukua tepu, pima upana wa paji la uso, pima mashavu, pima taya. Vikikaribiana, urefu wa uso usizidi upana sana, na taya likawa na kona, basi wewe ni mraba. Baada ya hapo ushauri unaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja anakuambia taya kama lako ni la kiume, lionyeshe, kata pembeni na uache juu. Mwingine anakuambia kona zako ni kali mno, zifiche, acha nywele pembeni na usichonge laini. Uso ni uleule. Sasa ni zawadi ama ni kasoro? Hawajaamua, lakini wote wawili wana mafuta ya kukuuzia.

Sisemi umbo la uso halina maana. Lina maana, na kinyozi wako analijua bila programu. Ukiwa na taya la kona halafu unyolewe boksi, juu tambarare na kingo zimenyooka, kichwa kitakaa kama tofali. Afro iliyoviringwa itatuliza zile kona. Fedi, pale nywele za pembeni zinapopungua polepole hadi ngozi, itafanya uso uonekane mrefu kidogo. Ndevu zikichongwa mraba chini ya taya zinaongeza kona, zikizungushwa zinapunguza. Hayo yote utaambiwa kwa dakika moja huku mashine ikiwekwa mafuta.

Lakini angalia vizuri: hayo ni maelezo ya kitakachotokea, si amri ya unachopaswa kutaka. Kama unataka kukaa kama tofali, kaa kama tofali. Grace Jones ana uso wenye kona kuliko wanaume wengi, na mwaka 1981, kwenye jalada la albamu yake Nightclubbing, alitokea na nywele zilizokatwa tambarare kama meza. Kona juu ya kona. Chati ingemwambia alainishe. Angelainisha, leo hakuna mtu angeikumbuka picha hiyo. Na filamu ya House Party ilipotoka mwaka 1990, vijana waliomwona Kid na ule mnara wake wa nywele hawakukimbia kupima mashavu. Walikimbia kwa kinyozi.

Kuna mambo ambayo mwenye uso wa mraba, ama wa yai, ama wa viazi, anapaswa kujiuliza kabla ya umbo. Chati haiyagusi hata moja.

La kwanza ni ngozi. Nywele zetu zimejikunja. Ukiukata unywele karibu sana na ngozi, ncha yake inaweza kurudi kuingia ndani, ngozi ivimbe, upate vipele shingoni na kwenye taya. Kisogoni vinaweza kugeuka makovu magumu yasiyoondoka. Kama wewe ni wa vipele, huo wembe wa kumalizia si wako, hata uso wako uwe na umbo gani. Mwambie kinyozi abakishe nywele kidogo, na uone kwa macho yako akisafisha mashine kwa spiriti.

La pili ni laini. Ukitaka ile laini kali ya mbele kila wiki, na kinyozi anaisukuma nyuma kidogo kila mara ili inyooke, baada ya miezi michache paji la uso limepanda na hujui lilipandaje. Umbo la uso wako limebadilishwa na mtu aliyekuwa akilifuata.

La tatu ni pesa. Fedi safi inakaa wiki moja, mbili ukiwa na bahati. Kabla hujauliza kama inakufaa usoni, uliza kama inakufaa mfukoni. Na ukijibu hapana, si aibu, manze.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Kwa nini kijana wa miaka kumi na tisa anaiuliza simu akae vipi? Nadhani ni kwa sababu hajawahi kuulizwa. Nyumbani, mama alisema, "Mnyoe yote." Shuleni, sheria ilisema hivyo hivyo. Mimi nilisoma bweni, na naibu wa mwalimu mkuu alikuwa akipita gwarideni na makasi. Akiweza kushika nywele zako kwa vidole, anakukata barabara moja katikati ya kichwa, na unashinda nayo darasani mpaka jioni. Nilifanyiwa hivyo kidato cha pili. Sikuwa nimevunja chochote isipokuwa nywele zilikuwa zimeota.

Na kumbuka kwamba mwaka 2019 ilibidi msichana wa Kirasta apiganiwe hadi Mahakama Kuu ili arudi darasani na dredi zake. Alishinda. Lakini mpaka leo, wengi wetu tunamaliza kidato cha nne bila kujua nywele zetu hukua vipi, zina umbo gani zikiachwa, wala sura zetu zinafananaje zikiwa nazo. Halafu siku tunayopata uhuru, tunakimbia kutafuta naibu mwingine, huyu wa kwenye simu, atupimie kichwa na kutuambia kinachoruhusiwa.

Najua mtu atasema, "Wee, ni nywele tu, acha siasa." Zingekuwa ni nywele tu, hakuna mwalimu angebeba makasi gwarideni.

Wengine watasema chati zinasaidia asiyejua aanzie wapi. Sawa. Basi anza na kioo. Acha nywele miezi mitatu kama kazi yako inaruhusu. Ziangalie. Jaribu kitu, ukikichukia, zitaota tena. Kosa la kinyozi hudumu wiki mbili. Woga wa kukosea unaweza kukaa nawe hadi utakapoota upara, na wakati huo hutakuwa na cha kuchagua.

Kule kwa kinyozi, yule kijana aliirudisha simu mfukoni. Kinyozi akamfunga kitambaa shingoni, akamuuliza, "Haya, wewe mwenyewe unataka kukaaje?"

Kijana akanyamaza. Tuliokuwa kwenye benchi tukangoja pamoja naye. Mashine ikawa inanguruma hewani.

"Safisha pembeni kidogo tu," akasema mwishowe. "Hapo juu wacha kwanza. Nataka kuona zikikua zitakuwaje."