Dawa ya MRI Hukaa Mwilini kwa Muda Gani?

Mama au mlezi wa Kariakoo ambaye mtoto wake amepewa rufaa ya MRI mara nyingi huelekea Muhimbili, si mbali na sokoni. Huko anaweza kuambiwa kuwa mtoto atachomwa dawa ya kontrasti ili picha ionekane vizuri. Je, dawa hiyo ni salama?

Inatoka vipi?
Dawa hii ina madini yaitwayo gadoliniamu, yaliyofungwa ndani ya kemikali nyingine ili yasidhuru mwili. Figo zikiwa nzima, nusu yake hutoka kwenye mkojo ndani ya saa 2 hivi, na karibu yote ndani ya saa 24.

Wasiwasi ulianzia wapi?
Mwaka 2014 watafiti wa Japani waliona dalili za mabaki kwenye ubongo wa watu waliochomwa dawa hii mara nyingi. Majaribio ya panya yalisaidia kueleza sababu: dawa zenye umbo la mnyororo huachia madini kwa urahisi na huacha mabaki mengi zaidi. Zenye umbo la pete huyashika kwa nguvu, na mabaki yake ni machache.

Mwaka 2017 Ulaya ilisimamisha dawa nyingi za mnyororo. Marekani iliziacha sokoni, ila ikaagiza wagonjwa waelezwe kuhusu mabaki. Kwa mtu mwenye figo nzima, haijathibitishwa kuwa mabaki hayo ya ubongoni husababisha ugonjwa. Kwa hiyo usikatae kipimo ambacho mtoto anakihitaji, uliza kwanza.

Maswali ya kumuuliza daktari
- Je, kontrasti ni lazima, au picha ya kawaida inatosha?
- Ni dawa ya pete au ya mnyororo?
- Figo za mtoto zimepimwa? Figo za mtoto mchanga bado hazijakomaa, na figo zilizoharibika sana huchelewesha dawa kutoka.
- Ameshachomwa dawa hii mara ngapi? Tunza kumbukumbu.

Kama wewe ndiye unayepimwa
Unanyonyesha? Endelea. Kiasi kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo mno, hakifiki hata asilimia 0.1 ya dozi, na tumbo la mtoto hufyonza sehemu ndogo tu ya hicho. Huna haja ya kukamua na kumwaga. Ukiwa mjamzito, sema kabla ya kuchomwa.