Yaliyopita Ni Ndwele

Kila mwaka huwaonesha wanafunzi wangu filamu ya Lumumba, iliyoongozwa na Mhaiti Raoul Peck na kutoka mwaka 2000. Taa zikishawashwa, huwauliza swali moja tu: msaliti ni nani? Darasa zima hujibu: Mobutu. Jibu ni sahihi, lakini linaturidhisha upesi mno.

Kisa cha rafiki kumuuza rafiki huliza machozi. Lumumba alimwamini Mobutu, akampa madaraka jeshini mwaka 1960; kabla mwaka haujaisha akageukwa. Hata hivyo, mtu mmoja hawezi peke yake kumwangamiza waziri mkuu. Tarehe 16 Januari 1961, waziri wa Ubelgiji aliyeshughulikia masuala ya Afrika alituma telegramu akisisitiza mfungwa apelekwe Katanga. Kesho yake palihitajika rubani wa kurusha ndege, na walinzi, ambao waliwapiga Lumumba, Mpolo na Okito humo angani. Palihitajika wenyeji wa kuwapokea na askari wa kufyatua risasi. Baadaye akahitajika ofisa wa polisi, Mbelgiji, aliyeikatakata miili akisaidiwa na ndugu yake na kuiyeyusha kwa tindikali. Peck anatuonesha kazi hiyo mapema kabisa katika filamu, ili tusije tukasema hatukuona.

Ndugu zangu watumishi wa umma, hapo ndipo filamu inapowahusu. Usaliti mkubwa wa kisiasa una faili, una sahihi na una mhuri. Wengi wanaoutekeleza huuita kazi.

Mwaka 1966 Mobutu huyohuyo alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Fikirini ujasiri huo! Aliyeshiriki kumpeleka kwenye kifo ndiye aliyeongoza kumtukuza, ilhali marehemu hakuwa na kaburi. Tangu hapo nimejifunza kuzishuku sifa zinazotolewa na wakubwa kwa wafu. Mara nyingi ni mlango wa kufungia maswali.

Wapo watakaonijibu kwa methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii inawafaa majirani waliogombania mpaka wa shamba. Ikitamkwa na dola, inageuka kuwa amri ya kunyamaza. Mganga gani huganga yajayo bila kuuliza ugonjwa ulianzia wapi? Ubelgiji nayo ilinyamaza, hadi kitabu cha mtafiti Ludo De Witte cha mwaka 1999 kilipoisukuma kuunda tume ya bunge. Mwaka 2001 tume ikakiri dhamana ya kimaadili ya baadhi ya viongozi wake. Mwaka 2002 serikali ikaomba radhi. Jino la Lumumba, alilolichukua polisi yule, lilirudishwa kwa familia mwaka 2022. Miaka 61 kwa jino moja! Na hakuna aliyehukumiwa.

Filamu yenyewe haikupigwa Kongo. Ilipigwa Zimbabwe na Msumbiji, kwa kuwa Kongo ilikuwa vitani. Ndwele iliyokataliwa kutajwa ilikuwa ingali inaua.

Nasi je? Filamu zetu zimejaa usaliti, lakini ni usaliti wa chumbani: mume, kimada, mama mkwe. Vita tunavikumbuka kwa gwaride. Aliyetia sahihi, aliyechukua hongo, aliyemtaja jirani yake ili apate cheo, hao hawana mwigizaji. Hatukosi visa, tunakosa uthubutu, na tunakosa bodi na wafadhili wasioogopa.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa kike, aliyekaa nyuma kabisa, hakujibu kama wenzake. Aliniuliza: "Mwalimu, rubani yule alipofika nyumbani jioni, alimwambia nini mkewe?"

Darasa likanyamaza. Vijana, andikeni filamu hiyo. Waulizeni wazee wenu walifanya kazi gani, na walitumwa nini, kabla nao hawajazikwa pamoja na majibu yao.