Simu kwa Mtoto: Tazama Rushdi, Si Umri

Ndugu Waislamu, leo Musoma, Bunda na hata Butiama wapo wazazi wampao mtoto simu kwa kuwa wa jirani anayo, au kwa kuwa analia. Je, hizo ni hoja?

Sura An-Nisaa, aya ya 6, yatuamuru tuwajaribu mayatima. Wakishabaleghe, tukiwaona wana rushdi, yaani busara ya kutunza, ndipo tuwakabidhi mali yao. Umri pekee hautoshi. Ikiwa shilingi za yatima zataka mtihani, seuze simu, ambayo ndani yake mna fedha, soko na uchafu wa dunia nzima?

Basi mjaribu. Mwagize samaki mwaloni, uone kama chenji hurudi kamili. Mwazime simu yako saa moja. Ukisema "lete", huileta bila ya kununa? Adhana ikilia, huiweka chini?

Wengine husema, "Ataachwa nyuma." Nyuma ya nani? Tangu mwaka 2019 laini zasajiliwa kwa alama za vidole, na vidole hivyo ni vyako, mzazi. Akitapeli, akitukana, jina ni lako. Na mbele ya Mwenyezi Mungu mchunga ni wewe.

Asiyefaulu na asubiri. Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe.