MRI si uchawi, wajameni

Nimepotea kidogo, mitihani ilinibana kweli kweli. Leo nimeamka na hasira, mnivumilie.

Jana kantini jamaa mmoja wa mwaka wa nne kasema eti huko mikoani mtu akivimba kongosho anajifia tu, kwa sababu hakuna MRI. Nikaacha wali unapoa. Mimi mtoto wa Muleba nina la kusema hapo.

Kwanza kwa wale wasiosoma tiba. Kongosho limejificha nyuma ya mfuko wa chakula. Linatengeneza insulini na majimaji ya kumeng'enya chakula. Likivimba ghafla, majimaji yale yanaanza kulimeng'enya lenyewe. Maumivu yanashika juu ya kitovu, yanapenya hadi mgongoni, na kutapika juu. Sababu kubwa mbili ni mawe ya nyongo na pombe.

Kwenye pombe ndipo shangazi yangu alipoonewa. Alishikwa usiku, na kabla hata hajapimwa ndugu wakaanza kunong'ona: enkonyagi hiyo. Shangazi ambaye hajawahi kuonja hata rubisi ya harusini!

Kulipokucha ukoo mzima ukataka gari la kwenda Mwanza "akapigwe MRI". Mimi, msomi wa familia, ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. Daktari aliyempokea akakataa. Akaniambia, "Kijana, ugonjwa huu unatambuliwa kwa vitu viwili kati ya vitatu: maumivu yenyewe, lipesi kwenye damu kufika mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, au picha. Viwili vya kwanza tunavyo. Sasa hivi anataka dripu na dawa ya maumivu, sio barabara."

Nilimwona mkaidi. Kurudi chuo nikafungua vitabu, kumbe ndivyo mwongozo wa Atlanta uliorekebishwa mwaka 2012 unavyosema. Tena picha ya siku ya kwanza inaweza kukudanganya, maana sehemu ya kongosho iliyokufa huchukua siku tatu hivi kujionyesha vizuri. Na wagonjwa kama 8 katika 10 ugonjwa wao si mkali sana: wanapona kwa maji, dawa ya maumivu na kuanza kula mapema.

Sasa MRI ya nini? Msije mkasema naipinga. Lauterbur na Mansfield hawakupewa Nobeli ya tiba mwaka 2003 bure. Haitumii mionzi ya eksirei, kwa hiyo inamfaa mjamzito. Kwenye madimbwi yanayobaki kuzunguka kongosho, inatofautisha maji matupu na mabonge ya nyama iliyokufa, kitu ambacho CT inahangaika nacho. Na inachora mirija ya nyongo bila hata kumchoma mtu sindano.

Hicho cha mwisho ndicho kilichomfaa shangazi. Siku ya nne macho yakawa manjano. Altrasaundi iliona mawe kwenye mfuko wa nyongo, lakini mwisho wa mrija haukuonekana, gesi ya utumbo iliuziba. Hapo yule yule daktari "mkaidi" akaandika rufaa bila kuombwa. MRI ikaonyesha jiwe dogo limenasa mwishoni mwa mrija. Likatolewa kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni, na baadaye mfuko wenyewe ukaondolewa ili mawe yasirudi tena.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kabla hatujalilia MRI kila wilaya, tulilie kipimo cha lipesi kisichokatika, altrasaundi yenye mtu anayejua kuisoma, dripu za kutosha, na gari la rufaa linalowaka. Mashine ile ni ya mgonjwa mwenye swali ambalo vipimo vingine vimeshindwa kulijibu. Ukimkimbiza mtu usiku kucha kutafuta picha huku amekaukiwa maji, unamuua kwa mapenzi. Na sisi tunaosoma humu tukizoea kusema "bila MRI hatuwezi", siku tukipangiwa kituo kisicho nayo tutakaa tu mikono kifuani.

Shangazi yuko shambani kwake anapalilia migomba. Mimi nilimpigia daktari nikamwomba radhi. Ndugu walionong'ona bado hawajamwomba shangazi.

Haya, narudi kwenye madesa.