Tunahesabu Matundu, Milango Hatuhesabu

Mwezi uliopita nilivunja bafu la nyumba yangu hapa Songea na kulijenga upya. Sababu ilikuwa mama yangu mzazi, aliyehamia kwetu kutoka kijijini akiwa na magoti yasiyokubali tena kuvuka kizingiti. Nilimwagiza fundi aondoe mlango wa sehemu ya kuogea pamoja na kidaraja chake cha saruji, apaache wazi: sakafu moja yenye mteremko wa kupeleka maji kwenye tundu lake, na ukuta mfupi wa kuzuia maji yasirukie kwenye choo. Fundi alitikisa kichwa. "Daktari, wenzako siku hizi wanaweka kioo, wewe unatoa hata mbao?" Nilimjibu kwamba kioo hakimpi mtu mzima pa kujishikia. Alinionya pia kuhusu baridi, na katika hilo naungama alikuwa sahihi. Juni ya Songea haimhurumii mtu anayeoga mahali pa wazi.

Kazi ilipokwisha, mama aliingia, akatazama, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini ili fundi asisikie: "Baba, fedha zimeisha?"

Nilicheka, lakini swali lile halijaniacha hadi leo. Mama hakuwa mshamba wa mitindo mipya. Alikuwa anasoma jengo kama maisha yake yote yalivyomfundisha kusoma majengo ya nchi hii: pasipo na mlango, hapo ndipo fedha zilipoishia.

Ndugu msomaji, hasa wewe uliye katika utumishi wa umma, tembelea vyoo na mabafu ya shule zetu, si siku ya ugeni rasmi bali Jumanne ya kawaida. Utakuta kuta, utakuta bati, mara nyingi utakuta hata rangi. Mlango utakuta wa kwanza tu, ule unaoonekana kutoka barabarani, au fremu tupu yenye bawaba zilizoshika kutu. Chanzo chake si fumbo. Ujenzi wetu huenda kwa hatua: msingi, boma, kupaua, na mwisho kile tunachokiita umaliziaji. Mlango tumeuweka katika umaliziaji. Bei ya saruji ikipanda, au nguvu za wananchi zikichoka, kinachokatwa ni kile kilichopangwa mwisho.

Lakini kosa kubwa zaidi limo katika lugha yetu ya hesabu. Kiwango chetu kinataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Taarifa zinasomwa kwa matundu, upungufu unatajwa kwa matundu, makofi yanapigwa kwa matundu. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 na madarasa kufurika, hesabu hiyo imekuwa ya lazima, wala siidharau. Ninachokataa ni kuamini kwamba tundu ni choo. Tundu ni shimo. Msichana wa darasa la sita aliye katika siku zake hawezi kujisitiri ndani ya takwimu. Anahitaji ubao, bawaba na komeo la upande wa ndani.

Nazungumza kama shahidi. Katika miaka ya 1990 nilisoma shule ya bweni ambayo mabafu yake hayakuwa na mlango hata mmoja. Tulikuwa tukiamka saa kumi usiku kuoga gizani, si kwa bidii ya masomo kama walimu walivyodhani, bali kwa aibu. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa na kovu kubwa la moto mgongoni, aliacha kuoga kabisa, nasi tulimcheka kwa harufu yake. Jambo hilo bado linanisuta.

Najua hoja itakayoletwa: wanafunzi huvunja milango, wezi huiba vitasa. Ni kweli. Mbona basi ofisi ya mkuu wa shule ina mlango na kufuli tangu siku ya kwanza? Hakuna aliyewahi kupendekeza iachwe wazi kwa kuwa kitasa kinaweza kuibwa. Kinapoibwa, kinanunuliwa kingine juma hilohilo. Faragha ya faili tumeijengea bajeti; faragha ya mtoto tumeiita anasa, ilhali ibara ya 16 ya Katiba ya 1977 inamhakikishia kila mtu hifadhi ya nafsi yake na maisha yake binafsi, bila kumtenga aliyevaa sare za shule.

Wapo watakaosema mhadhiri huyu ni mnafiki, ameng'oa mlango wake kisha anawadai wengine milango. Lakini sehemu yangu ya kuogea iko wazi kwa sababu mlango wa nje wa bafu unafungika. Mimi nilichagua. Yule mtoto hakuulizwa.

Basi, mhandisi wa halmashauri, kabla ya kutia saini kwamba jengo limekamilika, ingia chooni mwenyewe ujifungie. Ukishindwa kujifungia, usitie saini. Na wanafunzi wangu mnaokwenda mazoezini mashuleni, mkiulizwa idadi ya matundu, andikeni pembeni idadi ya milango, hata kama fomu haina nafasi yake.

Mama amelizoea bafu na anaingia bila kushikwa mkono. Ila kila anapooga hutundika kanga yake kuanzia kwenye ukuta mfupi hadi dirishani, ingawa mlango wa nje ameufunga kwa komeo. Sijamwambia aache.