Nguva Asibakie Kamusini

Wapenzi wa Kiswahili, tutajivuniaje msamiati wa bahari ilhali wenye majina wanatoweka? Mwaka wa 2022, shirika la uhifadhi la IUCN lilitangaza kuwa nguva wa pwani ya Afrika Mashariki wamo katika hatari kubwa mno ya kuangamia. Waliokomaa hawafiki 250. Nguva hula nyasi za baharini, huzaa mtoto mmoja baada ya miaka kadhaa, na hufa maji anaponaswa na jarife, maana hupumua hewa kama sisi. Alikoonekana na alikonaswa wanakujua wavuvi wazee wa Lamu na Kiunga, na maarifa hayo yamo katika Kiswahili chao. Basi twende tukayanukuu, tuwafikishie wanasayansi. La sivyo, wajukuu wetu watamdhania nguva kuwa hekaya tu.