Waliokimbia ndio waliowahukumu waliobaki

Makamanda, juzi hosteli tulibishana mpaka saa saba usiku. Kijana mmoja wa chama tawala, mwerevu tu na tunasoma naye darasa moja, akatoa ile hoja mnayoijua. Eti Korea Kusini ilikuwa maskini kama sisi, ikatoka vitani ikiwa majivu matupu, lakini kwa kuwa walikubali kwanza kuwanyamazisha wapinzani na kuweka usalama mbele, leo wanatuuzia simu na magari. "Nyie mnataka haki kabla ya chakula," akaniambia. Watu wakacheka. Mimi nikakaa kimya, maana jibu sikuwa nalo.

Sasa nimesoma. Jibu ninalo, na naliweka hapa kwa sababu hoja hii mtakutana nayo tena, kwenye magrupu, kwenye daladala, hata kwa wajomba zenu.

Tuanze na mstari wenyewe. Agosti 1945 Japani inakaribia kusalimu amri. Maofisa wawili wa jeshi la Marekani, Dean Rusk na Charles Bonesteel, wanapewa usiku mmoja wapendekeze Wamarekani waishie wapi na Warusi waishie wapi. Wakatazama ramani, wakachagua latitudo ya 38. Hakuna Mkorea aliyeulizwa. Kufikia 1948 kuna serikali mbili: Kim Il-sung yuko Pyongyang, Syngman Rhee yuko Seoul, na kila mmoja anadai nchi nzima ni yake. Alfajiri ya tarehe 25 Juni 1950 jeshi la Kim likavuka mstari na vifaru vya Kirusi aina ya T-34. Jeshi la Kusini halikuwa na kifaru hata kimoja.

Naomba nieleweke. Uvamizi ulikuwa wa kweli na adui alikuwa wa kweli. Sitaki mtu aje aniambie nampamba Kim. Ninachotaka tuangalie ni kitu ambacho watawala wa pande zote mbili walikifanya nyuma ya adui huyo.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Juni Rais Rhee alipanda treni akaenda zake kusini. Wananchi hawakuagwa. Usiku wa siku hiyo hiyo redio ya Seoul ikarusha sauti yake, iliyorekodiwa akiwa tayari ameshaondoka mjini, akiwaambia watu watulie kwa sababu msaada wa Marekani unakuja. Saa chache baadaye, yapata saa nane na nusu usiku kuamkia tarehe 28, jeshi lake likalipua daraja la mto Han. Watu walikuwa juu ya daraja. Sehemu kubwa ya jeshi la Kusini pia ilikuwa bado ng'ambo ya kaskazini, pamoja na silaha zake. Takriban watu milioni moja wakabaki Seoul, wengi wao wakiwa wamemwamini rais kwenye redio. Siku hiyo hiyo mji ukaanguka.

Nani aliwajibika kwa daraja? Kanali Choi Chang-sik, mkuu wa kikosi cha uhandisi. Alifikishwa mahakama ya kijeshi, akapigwa risasi Septemba 1950. Amri ilikuwa imetoka juu, hukumu ikaishia kwake. Mwaka 1964 kesi yake ikasikilizwa upya na akaonekana hana hatia, kwa sababu alitekeleza amri. Alikuwa kaburini mwaka wa 14.

Tarehe 15 Septemba 1950 majeshi ya Jenerali MacArthur yakatua Incheon, na tarehe 28 Seoul ikakombolewa. Rhee akarudi. Wewe ungetegemea aanze na neno samahani, sivyo? Alianza na mashtaka. Ghafla nchi ikawa na matabaka mawili: waliovuka mto na waliobaki. Waliovuka wakawa wazalendo. Waliobaki wakawa watuhumiwa wa kushirikiana na adui. Ulimpikia askari wa Kaskazini? Ulihudhuria mkutano wao? Ulibeba magunia kwa sababu ulionyeshwa bunduki? Eleza.

Hapa mwanafunzi wa sheria anaamka. Kulikuwa na amri maalumu ya rais ya kuadhibu makosa wakati wa dharura, yenye tarehe ya 25 Juni, siku ile ile ya uvamizi. Aliyemsaidia adui kwa hiari: kifo, kifungo cha maisha, au si chini ya miaka 10. Jaji mmoja peke yake. Hukumu ndani ya siku 40. Rufaa hakuna. Hebu fikirieni: kosa adhabu yake ni kifo, jaji ni mmoja, na akikosea hakuna wa kumsahihisha.

Kulikuwa na jaji mmoja, Yu Byeong-jin, aliyepangiwa kesi hizi Seoul. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa swali la kawaida kabisa: utamtegemeaje raia asiye na silaha ampinge adui, wakati serikali yenyewe imemdanganya, imemwacha na imemvunjia daraja? Baadaye aliandika kitabu juu ya mateso hayo ya jaji. Mlikumbuke jina lake, tutakutana naye tena. Mwaka 1952 Kamati ya Katiba ikatamka kwamba kufunga mlango wa rufaa kulivunja katiba. Asante sana, lakini walioshanyongwa hawakuwepo kuisikia.

Na mji haukutulia. Oktoba 1950 China ikaingia vitani. Tarehe 4 Januari 1951 Seoul ikaanguka tena, na tarehe 14 Machi ikarudi tena mikononi mwa Kusini. Mara nne ndani ya miezi tisa. Kila mwenye bunduki akiingia, anatafuta waliomsaidia yule aliyetoka. Tumezoea kusema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Korea nyasi ziliumia, kisha zikapelekwa mahakamani kwa kosa la kukanyagwa.

Tena hao waliopelekwa mahakamani walikuwa na bahati. Mwaka 1949 serikali ya Kusini ilianzisha jumuiya iitwayo Bodo Yeonmaeng, ya watu waliowahi kuhusishwa na siasa za kushoto. Jiandikishe, tubu, serikali itakulinda. Waliandikishwa watu wanaokadiriwa 300,000, na wengi walikuwa wakulima walioingizwa ili idadi itimie au kwa ahadi ya chakula. Vita ilipoanza, polisi na jeshi wakachukua daftari lile lile la majina, wakawakusanya watu na kuwapiga risasi kwenye mabonde na migodi. Hawakuwa wamefanya lolote. Waliuawa kwa kile ambacho huenda wangekifanya. Mwaka 2009 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Korea Kusini ilithibitisha majina ya watu 4,934, na wanahistoria wengi wanaamini waliouawa ni makumi ya maelfu, wengine wanasema hata zaidi ya 100,000.

Na Kaskazini? Kule nako jeshi la Kim likiwa linarudi nyuma Septemba 1950 liliua wafungwa magerezani. Kisha mwanzoni mwa Agosti 1953, wino wa kusimamisha vita haujakauka, Kim akawafikisha mahakamani makomredi wenzake waliotoka Kusini, akiwaita majasusi wa Marekani. Kumi wakahukumiwa kifo. Desemba 1955 ikawa zamu ya Pak Hon-yong, aliyekuwa waziri wake wa mambo ya nje. Kim alishindwa kuichukua Kusini, akahitaji wa kubebeshwa lawama. Watawala wawili waliochukiana kufa, wanasoma kitabu kimoja.

Najua chawa atajibu: "Vita ni vita, wapinzani wangeiyumbisha nchi." Haya, tuangalie wapinzani na wabunge walifanya nini wakati wa vita.

Februari 1951 wanajeshi wa Kusini waliua raia 719 wa Kusini huko Geochang, wakiwemo watoto na vikongwe, wakisingizia wanawasaka waasi. Aliyelitoboa jambo hilo ni mbunge, Shin Jung-mok, mwezi uliofuata. Bunge lilipotuma timu ya kuchunguza, ikashambuliwa njiani na askari wa serikali waliojifanya waasi. Majira ya baridi hayo hayo, vijana wa jeshi la akiba walitembezwa kwa miguu kuelekea kusini bila nguo wala chakula, kwa sababu makamanda walikula fedha zao. Walikufa makumi ya maelfu, hawajaona hata adui mmoja. Nani aliibua? Bunge. Maofisa watano wakapigwa risasi Agosti 1951, na Bunge likakivunja kikosi hicho. Sasa niambieni: nani alikuwa anadhoofisha jeshi? Aliyeiba blanketi au aliyeuliza blanketi ziko wapi?

Malipo ya Bunge yalikuja haraka. Mei 1952, wakati wanajeshi wanakufa wakigombea vilima huko mbele, Rhee alitangaza sheria ya kijeshi Busan, mji uliokuwa makao ya muda ya serikali, mamia ya kilomita kutoka mstari wa mbele. Sababu aliyoitoa ilikuwa waasi wa kikomunisti. Sababu halisi ni kwamba rais alichaguliwa na Bunge, na Bunge halikumtaka tena. Basi lililowabeba wabunge likavutwa, nao wakiwa ndani, mpaka kwa polisi wa jeshi. Mkuu wa jeshi la nchi kavu, Lee Chong-chan, alikataa kupeleka wanajeshi kwenye siasa, na akaondolewa kazini. Julai 4, Bunge likiwa limezingirwa na polisi, wabunge wakapiga kura kwa kusimama na kubadilisha katiba: 163 ndiyo, hapana sifuri.

Ukomo wa madaraka je? Novemba 1954 chama cha Rhee kikapeleka marekebisho ya kumwondolea ukomo. Wabunge walikuwa 203. Theluthi mbili yake ni 135.33, kwa hiyo zilihitajika kura 136. Zikapatikana 135. Spika wa kikao akatangaza hoja imeanguka. Siku mbili baadaye wakarudi na hesabu mpya: desimali iliyo chini ya nusu hudondoshwa, kwa hiyo 135 inatosha. Imepita! Jamani, mtu aliongezewa urais kwa kukadiria namba, somo la darasa la tano.

Hapo ndipo tunakutana na Cho Bong-am. Mwaka 1956 aligombea urais dhidi ya Rhee, akadai muungano wa Korea kwa njia ya amani, akapata kura zaidi ya milioni mbili. Januari 1958 akakamatwa kwa ujasusi. Chama chake kikafutwa kabla kesi haijaisha. Na jaji wa kwanza kusikiliza kesi hiyo alikuwa Yu Byeong-jin yule yule. Akasema ujasusi haukuthibitishwa, akampa miaka mitano kwa makosa mengine. Kundi la vijana wakavamia mahakama wakimwita jaji mkomunisti, na mwisho wa mwaka Yu hakuteuliwa tena. Mahakama za juu zikatoa hukumu ya kifo. Tarehe 30 Julai 1959 ombi la Cho la kusikilizwa upya likatupwa, na kesho yake wakamnyonga. Januari 2011 Mahakama ya Juu ikamsafisha. Miaka 51.

Sasa rudi kwenye hoja ya chakula. Korea iliinuka kwa sababu nyingi, na mojawapo ya za mwanzo ni kwamba wakulima walipata ardhi iliyokuwa ya mabwanyenye. Waziri wa kilimo aliyeanza kuandaa mageuzi hayo mwaka 1948 anaitwa nani? Cho Bong-am. Walimnyonga mtu aliyesaidia kuwapa watu chakula, halafu leo mnatuambia chakula kilitokana na kamba.

Mapigano yalisimama tarehe 27 Julai 1953, mstari ukiwa karibu pale pale ulipoanzia, baada ya vifo vinavyokadiriwa kwa mamilioni. Mkataba wa amani haujasainiwa mpaka leo, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1948 bado iko kwenye vitabu. Ndiyo maana usiku wa tarehe 3 Desemba 2024 Rais Yoon Suk Yeol aliweza kutokea kwenye televisheni, akataja tishio la Kaskazini na maadui wa ndani, akatangaza sheria ya kijeshi na kupiga marufuku shughuli za siasa. Wimbo ule ule wa Busan. Tofauti ni kwamba safari hii watu walitoka usiku ule kwenda bungeni, wabunge wengine wakaruka uzio, na 190 wakapiga kura ya kuifuta bila hata mmoja kupinga. Ilidumu kama saa sita. Aprili 2025 Mahakama ya Katiba ikamwondoa madarakani, majaji wote wanane kwa sauti moja. Nchi haikuanguka. Viwanda vya simu havikufungwa.

Kwa hiyo nikikutana tena na rafiki yangu wa hosteli, sitambishia kwamba usalama ni muhimu. Ni muhimu sana, na waliobaki Seoul ndio walioujua umuhimu wake kuliko mtu yeyote. Nitamwomba tu aniambie, kila anaposikia kiongozi anasema nchi iko hatarini hivyo tunyamaze, kiongozi huyo yuko upande gani wa mto, na daraja ameliacha kwa ajili ya nani.